Mwaka Niliomfuta Wanjira

Meseji ya Njeru ilinikuta nikichambua ndengu, nayo ilikuwa fupi kama kawaida yake: "Sista Marigu ametuacha. Maziko Alhamisi, Gachoka. Uje." Mimi na Njeru hatukuwa tumeongea kwa miaka mitatu, si kwa ugomvi, ni maisha tu, yeye yuko Embu na mimi nimebaki Meru, kila mtu na kompyuta zake. Niliiweka simu mezani nikaendelea na kazi, nikatoa kokoto moja, nikatoa ya pili, halafu nikaona kwamba nilikuwa natupa ndengu nzuri na kubakiza mawe kwenye ungo. Nikaacha. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kutengeneza programu za kompyuta, mimi hutaja chuo. Huo ni uongo wa adabu. Nilijifunza kwa mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha kumtosha mtu wa hamsini, na aliyenifundisha alikuwa muuguzi wa zahanati ambaye hakuwahi kuandika programu maishani mwake. Yeye, na mtoto mmoja niliyemfuta. Nasema kumfuta na namaanisha kumfuta.

Ofisi yetu ilikuwa Meru mjini, upande wa Kinoru, chumba kimoja cha ghorofani juu ya bucha ya Mzee Salim. Meza tatu, viti vitatu, na kiti cha mgeni kilikuwa kreti ya soda. Dirisha halikufunga, kwa hiyo tulijua kila kilichouzwa chini: panga likigonga gogo mara mbili ni nusu kilo, likigonga mfululizo kuna mtu ana wageni. Kila siku saa nne Mzee Salim alitupandishia supu ya mifupa kwenye jagi la plastiki, kisha akasimama mlangoni na aproni yake akitutazama tukibonyeza vitufe. "Nyinyi mnafanya kazi ama mnacheza?" aliuliza. "Tunafanya kazi, mzee." "Mbona sioni kitu kikitoka?" Mutwiri, mwenye ofisi, mtu wa tai hata Jumamosi, hakupenda utani huo, lakini supu aliipenda, kwa hiyo alinyamaza. Meza ya pili ilikuwa yangu. Ya tatu ilikuwa ya Njeru, kijana mrefu wa kutoka Embu aliyekula polepole na kuongea polepole na ambaye, hilo ndilo lililoniudhi, mara nyingi alikuwa sahihi.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa mfumo wa kliniki za watoto. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa umegawa laptopu na modemu kwa zahanati ndogondogo, kuanzia huku Kanyakine mpaka kule chini Mbeere, na muuguzi aliandika humo kila mtoto aliyeletwa: jina, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, simu ya nyumbani, chanjo alizopata. Kila mtoto alikuwa mstari mmoja kwenye daftari kubwa lililokaa ndani ya seva yetu, lile tunaloliita databesi. Kila Jumatatu asubuhi mfumo ulitazama ni watoto gani chanjo yao imefika, ukatuma meseji nyumbani kwao: fulani aletwe kliniki. Mtoto mmoja, mstari mmoja, meseji moja. Nakuomba ulishike hilo, maana mimi sikulishika.

Ukurasa wa kwanza niliuandika mimi. Ulionyesha watoto ishirini ishirini, na juu kabisa, kwa tarakimu za kijani, jumla ya watoto wote. Mutwiri aliipenda ile jumla kama vile yeye ndiye aliyewazaa. Wafadhili walipokuja aliifungua mbele yao, akanyamaza, akaacha kijani kiongee. Lakini kompyuta haijui jumla mpaka ihesabu. Kuleta watoto ishirini ilikuwa kufumba na kufumbua. Kuhesabu wote ilibidi ipite mstari kwa mstari, mwanzo mpaka mwisho, tena kila mara mtu yeyote, popote, alipofungua ukurasa. Ni kama mwenye duka anayehesabu upya magunia yote ya stoo kila mteja anapoingia kununua kiberiti. Watoto walipokuwa wachache hatukuona shida. Walipoongezeka, simu zikaanza kulia, na Mutwiri akanituma Gachoka nikaone kwa macho.

Zahanati ilikuwa nje kidogo ya soko, vyumba viwili na veranda, na joto la Mbeere ambalo sisi wa milimani hatujazoea. Akina mama walikuwa wamejaa verandani na watoto migongoni. Sista Marigu, muuguzi wa hapo, alikuwa mfupi, mnene, sweta ya bluu mabegani hata kwenye jua lile, na alinipokea kwa kikombe cha uji wa wimbi kabla hajaniuliza jina. "Kaa hapa," akasema. "Usiongee. Angalia." Akafungua ukurasa wangu. Duara dogo likaanza kuzunguka. Sista akampima mtoto uzito, akamfunga nepi, akamsalimia nyanya wa mtoto, akamwuliza habari za mguu, akajibiwa kwa urefu. Duara likaendelea kuzunguka. Uji wangu ulikuwa umefika nusu. Nje nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisikie, "Hii mashini inasali." Watu wakacheka. Lakini wawili waliinuka wakaenda zao, walikuwa na safari ya saa mbili kwa miguu, na nilimwona Sista akiwatazama wakishuka njia bila kuchanjiwa watoto. "Hao watarudi?" nikauliza. "Mmoja," akasema. Nilishtuka. Nilikuwa nimefikiri shida yangu ni sekunde.

Kulikuwa na jambo lingine siku ile, nililiona nikalicheka. Fomu yangu ilikuwa na swali, watoto ni wangapi nyumbani, na Sista alikuwa akiliruka kila mara. Nikamwambia hilo lazima lijazwe. "Basi uliza wewe," akasema. Nikamgeukia nyanya wa mguu mbaya nikamwuliza. Yule mama alinitazama kama nimemwomba avue nguo, akavuta shuka yake, akasema kitu kwa Kimbeere, na veranda nzima ikanyamaza. Sista akaniinamia sikioni. "Huku hatuhesabu watoto, mami. Wala mbuzi. Ukihesabu, mmoja anapotea. Uliza majina, atakutajia wote." Hata kwetu Imenti wazee walikuwa na mambo hayo, lakini mimi nilikuwa msichana wa chuo. Nilirudi Meru nikawahadithia ofisini huku nikicheka, na Mutwiri akacheka pia. Njeru hakucheka. Alisema tu, "Hata mamangu hahesabu."

Njeru alikuwa na wazo la kuponya ule ukurasa: tuweke kibao kando chenye namba moja tu, mtoto akiandikwa tunaongeza moja, akitolewa tunapunguza moja, kompyuta isome kibao badala ya kuhesabu daftari zima. Wazo zuri, la kawaida, leo ningelifanya kabla ya chai. Lakini alilisema mbele ya Mutwiri, na akaongeza kwa sauti yake ya polepole kwamba programu yangu imeandikwa kama insha ya Darasa la Nane. Nilikasirika. Mimi nikikasirika sipigi kelele, nafanya kazi. Siku tatu sikumwambia Njeru hata neno, tulipitishana jagi la supu kama watu wasiojuana, na katika siku hizo tatu nikapata njia yangu mwenyewe. Kule Gachoka nilikuwa nimeona jambo: duara likizunguka, muuguzi anachoka, anabonyeza "Hifadhi" mara ya pili, ya tatu, na mtoto mmoja anaingia mara tatu. Kwa hiyo daftari limejaa marudio. Ondoa marudio, mistari itapungua, na hesabu itapata kasi. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Bucha ilikuwa imefungwa, Mzee Salim amekwenda msikitini, na bila panga lake chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia feni ya kompyuta. Mutwiri alikuwa benki. Njeru alikuwa ameshuka kula githeri kwenye kibanda cha ng'ambo. Niliandika amri: jina likiwa moja, kijiji kimoja, simu moja, mwezi wa kuzaliwa mmoja, bakiza wa kwanza, futa wengine. Nilichagua mwezi badala ya tarehe kwa sababu tarehe wauguzi walikosea mara nyingi. Nikabonyeza. Ikachukua muda, kisha ikanijibu idadi ya mistari iliyofutwa, elfu na kitu, na mimi nikapiga meza kwa furaha, peke yangu mle ndani. Nikalipanga upya daftari lote, nikafungua ukurasa. Dakika moja na nusu ilikuwa imekuwa sekunde thelathini. Mutwiri aliporudi nikamwonyesha, akalegeza tai, akamtuma mtu chini akaagize mbuzi choma Mzee Salim akifungua. Tulikula mezani juu ya magazeti, mafuta yakinitiririka mpaka viwikoni. Njeru alikula pia. "Umefanyaje?" akaniuliza. "Nimesafisha," nikasema. Hakuuliza zaidi, na mimi sikueleza, kwa sababu nilitaka aumie kidogo.

Kama mwezi hivi baadaye Sista Marigu alipiga simu. Naikumbuka simu hiyo neno kwa neno, na nikiwa naendesha gari peke yangu huwa najikuta naijibu upya. "Kawira, kuna watu nakosa kwa hii kitu yenu." Nikamwambia nilikuwa nimeondoa waliorudiwa, ndiyo sababu orodha imepungua. "Sio hao. Nakosa watu." "Ni wangapi, Sista?" "Sijui ni wangapi. Mimi sihesabu. Nafungua, naona tu hapa hapajajaa." Nilikuwa na kazi nyingine mkononi. Nilimwambia, kwa ile sauti ya adabu inayouma kuliko tusi, "Sista, kama huwezi kuniambia ni wangapi, mimi siwezi kukusaidia." Akasema haya, akaniaga, akanibariki kama kawaida yake.

Aliporudi kupiga, surua ilikuwa imeingia Mbeere. Tulikuwa tunakunywa chai. Sauti yake haikuwa na salamu. "Wanjira Nyaga yuko hospitali Embu. Surua. Mtoto wa miezi kumi. Kwa kompyuta naona amechanjwa." Nikafungua, nikamwona: Wanjira Nyaga, Gachoka, chanjo ya surua amepata. "Amechanjwa, Sista, hata mimi namwona hapa." "Huyo aliyechanjwa," akasema, "niko naye hapa mbele yangu, ananyonya. Sasa niambie aliye hospitali ni nani." Nakumbuka nilitazama kioo cha kompyuta kana kwamba mtoto wa pili angetokea nyuma ya yule wa kwanza. Njeru alikuwa amesikia, maana simu ile ilipaza sauti. Aliweka kikombe chini. "Kawira, ulisafisha nini?" Ilikuwa mara ya kwanza aniulize tangu ile Ijumaa, na mara ya kwanza nimjibu vizuri. Nikamfungulia faili yenye majina niliyofuta. Kwa bahati nilikuwa nimeitunza, si kwa busara, ni kwa kujisifu.

Alisoma kwa kidole. Wanjira Nyaga. Muthoni Mbogo, Muthoni Mbogo. Ireri Njue. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hawa ni watu." Sikuelewa. Akanigeukia. "Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la nyanya mzaa baba. Jina lenyewe, halibadilishwi. Ndugu wawili wakioa, kila mmoja akizaa msichana, wote ni Wanjira. Jina la mwisho ni la babu, kwa hiyo wote ni Nyaga. Boma ni moja. Simu ni moja, ni ya cucu, yaani huyo nyanya. Wakizaliwa mwezi mmoja..." Hakumaliza. Kwetu Imenti mtoto hurithishwa jamaa fulani lakini mara nyingi jina lenyewe hutokana na tabia ya huyo jamaa, nyanya alikuwa mchapakazi, basi mjukuu ni Kawira, mwingine wa nyanya huyohuyo ni Kendi kwa kuwa alipendwa. Nilikuwa nimekaa meza moja na mtu wa Embu mwaka mzima, sikujua watoto wao huitwaje. Angenieleza kwa nusu dakika kama ningekuwa naongea naye. Nikatoka mezani nikakaa juu ya ile kreti ya soda na kusikia panga la Mzee Salim likigonga chini, likigonga, kama vile siku ni ya kawaida.

Njeru alikuwa na mazoea ya kunakili daftari lote kila Alhamisi kwenye diski yake na kuzitunza hata nakala za zamani, jambo nililokuwa nikimcheka. Tulitumia siku mbili kurudisha, jina kwa jina, yeye akisoma na mimi nikiandika, na kila jina ambalo hatukuwa na hakika nalo tulipiga simu zahanati tukauliza: huyu ni mtu ama ni kosa? Wengi walikuwa makosa kweli, wamebonyezwa mara tatu. Lakini wengine walikuwa watu. Mutwiri alitaka tusiwaambie wa mradi. Nilimwambia mimi nimeshaandika barua na iko njiani, na haikuwa kweli, kwa hiyo ilinibidi nikaiandike. Kisha mimi na Njeru tukaenda Gachoka.

Sista Marigu alitupeleka bomani mwenyewe, kwa miguu, bila kuongea sana. Njiani ndipo aliponieleza ilivyokuwa. Siku zote simu ya cucu ilileta meseji mbili: Wanjira aletwe, Wanjira aletwe. Wake wa wale ndugu wawili walikuwa wakicheka, meseji ya kwanza ni ya mke mkubwa, yule wa kaka, ya pili ni ya mke mdogo, yule wa mdogo wake, wanafunga watoto migongoni na kushuka pamoja. Watoto walipofika miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, ikaja moja. Mke mkubwa akaenda. Mke mdogo akangoja yake. "Aliniambia alifikiri mtoto wake siku yake haijafika," Sista akasema. "Alisema kompyuta haiwezi kusahau." Na Sista mwenyewe juma lile alikuwa Embu kwenye mafunzo, aliyemchanja mtoto wa mke mkubwa alikuwa msaidizi mgeni, asiyejua kwamba hao huja wawili. Nilisimama njiani. Sista hakunishika mkono wala hakunikemea. "Siku ile nilikuambia nakosa watu," akasema. "Ndiyo, Sista." "Mtu akikuambia anakosa mtu, usimwulize ni wangapi. Mwulize ni nani."

Cucu Wanjira alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akipepeta mtama, na nilimtambua mara moja. Ni yule nyanya wa mguu mbaya. Mke mdogo alikuwa hospitali na mtoto. Mtoto alikuwa amepona surua, lakini ilikuwa imemshukia masikioni, usaha ulikuwa unatoka, na madaktari walikuwa wamesema wasubiri waone kama atasikia. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilisema ni mimi niliyekosea, nilifikiri wajukuu wake ni mmoja ameandikwa mara mbili, nikamtoa wa pili. Njeru akalitafsiri kwa lugha yao, neno baada ya neno. Cucu aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akasema jambo fupi. Njeru hakutaka kulitafsiri, nikamlazimisha. "Anasema, mlikuja kuhesabu watoto wangu, nikawaambia hawahesabiwi. Mkahesabu. Na mmoja akapotea."

Sina la kusema juu ya mwiko, mimi ni Mkristo wa kawaida, naenda kanisani, narudi. Lakini maneno yale sikuweza kuyabishia, kwa sababu kilichotokea ndicho hicho hasa, hakuna kilichozidi wala kupungua. Tulihesabu. Hesabu ikawa nzito. Ili iwe nyepesi tukamtoa mtoto. Angenitukana ningepata nafuu. Badala yake alimwita mke mkubwa atuletee chai na nduma, kwa maana wageni ni wageni, na nilikula nikilia, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Saa kumi na moja mbuzi wakarudi. Waliingia kwa kusukumana, vumbi jekundu, na cucu akasimama kwa fimbo yake karibu na lango la miti. Hakuhesabu. Aliwatazama wakipita tu, mdomo umefungwa, na wa mwisho alipoingia akasema kitu, na mke mkubwa akatoka akaelekea korongoni. "Amesema yule wa sikio lililokatika bado," Njeru akanieleza. Nikamwuliza amejuaje. Akainua mabega. "Anajua nani hutangulia na nani humfuata. Pengo analiona." Baada ya muda mbuzi mwenye sikio lililokatika akaja mbio, amepigwa kiboko kimoja, lango likafungwa. Nilikuwa nimesimama na kikombe kitupu mkononi. Sista Marigu hakuwahi kuhitaji jumla. Mke mdogo hakuihitaji. Katika zahanati zote zile hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameitumia ile namba ya kijani kwa lolote, iliwazuia tu. Walichotaka kujua ni nani hajaja, na kama baada ya huyu kuna mwingine.

Marekebisho yenyewe yalichukua asubuhi moja, na hadi leo natahayari kwa udogo wake. Niliitoa jumla. Badala ya kuomba watoto ishirini na hesabu ya wote, niliomba watoto ishirini na mmoja. Ishirini nawaonyesha, yule wa ishirini na moja akiwepo, najua orodha inaendelea, naweka kitufe cha kuendelea, asipokuwepo, imeisha. Kompyuta haipiti popote pengine. Juu, mahali pa kijani, niliweka majina ya waliokuwa wanasubiriwa na hawajaja. Jumla ya Mutwiri tuliihamishia kwenye ukurasa wa ripoti, ikasomwa kwenye kibao cha Njeru, moja ndani, moja nje. Ukurasa ulifunguka kabla Sista hajaondoa kidole. Alinipigia. "Imefunguka," akasema. "Sasa mashini imeacha kusali." Mutwiri aliniuliza namba yake imeenda wapi na nikamjibu kwa maneno ambayo yalinipeleka kutafuta kazi kwingine kabla ya Krismasi. Sijutii hata moja. Yule Wanjira wa pili hakusikia tena. Niliambiwa na Sista mwezi uliofuata, kwa simu, na baada ya hapo nilimtumia salamu kila Pasaka lakini sikurudi Gachoka. Niliogopa, ndio ukweli. Miaka kumi na sita.

Alhamisi nikaenda. Hema zilikuwa zimesimamishwa kwenye uwanja wa kanisa, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba wengine walisikiliza wakiwa wamekaa juu ya kuta. Njeru amenenepa na ana mvi. Alinishikia kiti, tukasalimiana kama tuliachana jana. Mchungaji alisema Sista aliwachanja watoto wa eneo hili miaka mingi, akauliza kwa kujua, je, ni wangapi, na mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Ni sisi," na watu wakacheka kwa machozi. Baada ya maziko tulipewa githeri na soda, tukapanga foleni kutia sahihi kitabu cha wageni. Mbele yangu walikuwa wasichana wawili wenye sare za shule tofauti, kimo kimoja, paji la uso moja, lile la cucu. Walikuwa wakiongea kwa mikono.

Mmoja aliandika, akampa mwenzake kalamu, naye akaandika, kisha wakanisogezea kitabu. Nikainama. Wanjira Nyaga, Gachoka. Mstari wa chini yake, mwandiko mwingine: Wanjira Nyaga, Gachoka. Kalamu ilikaa mkononi mwangu, haikuandika. Sikujua kwamba nilikuwa nimekaa hivyo muda mrefu mpaka yule anayesikia akaniuliza, "Madam, wewe ndiye Kawira wa kompyuta? Sista alikuwa anatuambia habari yako kila tukienda kwake." Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akamgeukia mwenzake, vidole vikaruka haraka. Yule wa pili alinitazama usoni, akatazama kalamu yangu iliyosimama juu ya jina lake, akanitazama tena. Nilifikiri ataondoka, na ningemwelewa. Akaweka kiganja chake juu ya ile mistari miwili, akaifunika yote, na kwa sauti nzito isiyojisikia yenyewe, lakini akitabasamu, akaniambia, "Usifute."

Nikaandika jina langu chini ya yao.